Suti ya Kuzamia ya Baba Neema

Jumanne, Septemba 2017

Na bado hakuniambia kitu! Ameivaa sebuleni, akazunguka kama bwana harusi, akasema, "Aksanti, Mama Neema, imenikaa vizuri."

Ni suti ya mpira ya kuzamia, ya mtumba. Wiki ijayo mume wangu anakwenda Cape Town na wenzake waliojifunza kuzamia pamoja kwenye bwawa la Randburg. Ilikuwa inambana hadi pumzi inamkatika, na mimi fundi nikaona aibu. Nikatia kipande cha mpira kila ubavu, nikamwachia nafasi ya kunenepa, kama ninavyomwachia kila mteja dukani Fordsburg.

Jioni mwalimu wake akapiga simu kuhusu safari. Simu ilikuwa kwenye spika, nikasikia mwenyewe: "Suti yako inabana? Bahari ya kule ni baridi. Ikilegea, maji yanaingia na mwili unaganda."

Baba Neema akanitupia jicho, kisha akamjibu, "Inabana sana."

Eish, mwanaume huyu! Afadhali agande baharini kuliko kuniambia nimekosea.

Naogopa hayo maji. Nikimfikiria kule chini, peke yake na zile chupa za hewa mgongoni...

Sasa amelala, anakoroma. Nimeshafumua vile vipande vyote viwili. Kesho ataivaa tena mbele yangu, na nitaibana mpaka alalamike kwa sauti.

Akininyamazia tena, haendi.