Mgeni Chini ya Meza ya Kukatia

Chumba cha kushonea,
Jumapili asubuhi.

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko vifungo vilivyomo kwenye lile kopo langu, nawe unalijua kopo lenyewe. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako la kushoto limeacha ukorofi tangu ulipoanza zile dawa. Watoto hawajambo? Na wajukuu, bado wanakuficha miwani? Mimi huku sijambo kabisa. Macho yangu yangali yanatunga uzi kwenye sindano bila msaada, na usimwamini yeyote atakayekuambia vinginevyo.

Najua utajiuliza kwa nini nimeandika na simu ipo. Simu ina haraka, Dada. Mara ya mwisho tulipozungumza uliniuliza kama nina akili timamu, kumlea mbwa miezi yote hii, nimlishe, nimwogeshe, nimzoeze watu, kisha nimkabidhi kwa mtu mwingine. Ukasema wewe usingeweza kamwe. Nikacheka, nikageuza mazungumzo. Lakini swali lako halikuniacha, na leo nataka kulijibu lote, kwa hiyo tafuta kiti cha kuegemea.

Mbwa mwenyewe aliletwa na msimamizi wa kituo cha kuokoa wanyama, yule mama ninayemshonea makoti ya wafanyakazi wake. Alikuja kuchukua makoti, akakiangalia chumba changu, akaniambia wana mbwa jike aliyekataa kula kwa sababu ya kelele za wenzake kizimbani. Alikuwa amefungwa mnyororo kwenye ua wa watu fulani tangu akiwa mdogo, mpaka mnyororo ukamla shingoni. Alihitaji nyumba ya muda tu, ajifunze kwamba si kila binadamu ni wa kukimbiwa, ndipo atafutiwe mtu wa kumchukua moja kwa moja. Nilikubali shingo upande. Kusema kweli nilidhani ni kazi ya wiki mbili. Nikampa jina la Mgeni, ili mimi mwenyewe nisije nikasahau kwamba ataondoka.

Siku ya kwanza alijitosa chini ya meza ya kukatia, akajibanza kwenye kona ya ukuta, hakutoka. Kila kitu machoni pake kilikuwa fimbo: ufagio, mwavuli, hata tepu yangu ya kupimia. Niliponyanyua tepu kumpima mteja kifua, Mgeni alijikojolea, na mteja akaruka akidhani bomba limepasuka. Kinyozi wa mlango wa pili alikuja kumchungulia, akasema huyo si mbwa, ni mkoba uliosahauliwa na abiria. Nilimfukuza. Nilicheka baadaye, peke yangu.

Unanijua, sina subira na watu, lakini na kitambaa ninayo. Nikaamua kumchukulia Mgeni kama kitambaa kigumu, kile ambacho ukikivuta kinaharibika. Msimamizi alinifundisha nisimtazame usoni, nikae upande upande, mkono uwe chini. Basi nikawa naweka bakuli lake sakafuni, nampa mgongo, nashona. Kila alipojitokeza, pale miguu yake ya mbele ilipofika nilichora mstari kwa chaki ya kukatia na kuandika tarehe. Mstari wa kwanza ulikuwa shubiri moja tu kutoka mezani. Mwezi wa pili akala mkononi mwangu. Mwezi wa tatu akawa analala juu ya mguu wangu wa kushoto huku wa kulia ukikanyaga cherehani, na mistari ikawa imefika katikati ya chumba. Shingo yake yenye kovu niliishonea ukanda mwenyewe, mshono wa mara mbili, ndani nikautia bitana ya flana ili usimchubue. Sitii chumvi nikisema hakuna mbwa mjini aliyevaa ukanda kama ule.

Nikavimba kichwa. Nilimsimulia kila mteja, aliyeuliza na asiyeuliza. Ikafika mahali kinyozi akiniona naelekea kwake anachukua wembe na kujifanya ana mtu kitini.

Mwisho wa mwezi wa nne msimamizi akamleta mtu wa kumwona Mgeni. Alikuwa mama mmoja fundi saa, mpole, anayeishi peke yake, mwenye mikono ile isiyofanya jambo kwa pupa. Nilijiandaa kama ninayeposewa binti. Nilipiga deki, nikaifunika cherehani kwa kitambaa chake, nikavaa koti langu la heshima, nikamwekea fundi saa kiti katikati ya chumba. Na Mgeni wangu akaniaibisha. Alirudi kwenye kona yake ya siku ya kwanza, akatetemeka mpaka kucha zikawa zinagonga sakafu. Fundi saa alikaa saa nzima bila kulalamika. Alisema nyumba yake ni ya kimya, haina kelele ila za saa zake, na kwamba angependa kujaribu tena baada ya wiki tatu.

Nje, msimamizi hakunificha. Alisema huyo ndiye mtu pekee aliyewahi kumuulizia Mgeni. Akikataa, na mimi nikiwa nimeshindwa, Mgeni angerudi kizimbani ili nafasi apewe mwingine, maana walikuwa na wanyama kumi wanaosubiri. Wote wawili tulijua kwamba kizimbani hali chakula.

Niliingia ndani nimekasirika, nikalitupa koti, nikaivua cherehani kitambaa ili angalau nimalize mkono wa shati. Sikufika mishono kumi. Mgeni alitoka, akaja akalala juu ya mguu wangu kana kwamba hakuna lililotokea. Nikaacha kukanyaga. Masikio yake yakalala nyuma, akaanza kurudi mezani. Nikakanyaga tena. Akatulia. Nilirudia mara nne au tano, na kila mara nilizidi kujiona mjinga. Dada, kwa miezi minne sikuwa nimemfundisha kitu chochote cherehani ikiwa kimya. Nashona asubuhi hadi jioni, nikimlisha nashona, akija nashona. Sikuwa nimemzoeza watu. Nilikuwa nimemzoeza mashine, na sasa nilitaka kumpeleka kwenye nyumba tulivu kuliko zote mjini. Kosa hilo asingeweza kulifanya mtu yeyote ila fundi cherehani.

Nilichukua kitambaa chenye maji, nikapiga magoti, nikaifuta mistari yangu yote, na tarehe zake. Iliniuma. Kisha nikaanza upya, safari hii nikiwa nimekaa tu, mikono magotini, sifanyi kitu. Wewe ndiye uliyenizoesha kwamba mtu asiye na kazi mkononi ni mgonjwa, kwa hiyo unaweza kufikiri nilivyoteseka. Sare za shule zilichelewa. Wateja walichungulia wakanikuta nimekodoa macho ukutani, wakaenda kumuuliza kinyozi kama nimepatwa na msiba. Yeye badala ya kunitetea akawajibu kwamba namlea mbwa, nao wakaona afadhali ungekuwa msiba.

Lakini kinyozi yule, pamoja na mdomo wake, alinisaidia kuliko wote. Kila alasiri alikuja akakaa kwenye kile kiti cha katikati, ampe Mgeni mgongo, asiseme neno. Mtu ambaye hawezi kunyamaza hata akiwa na wembe kwenye koo la mtu! Alikuwa anashika gazeti, na siku mbili za kwanza alilishika juu chini. Siku ya nane nilimwona ananiita kwa nyusi. Mgeni alikuwa amelaza kidevu juu ya kiatu chake. Kinyozi hakuthubutu kupumua, na machozi yakawa yanamlengalenga, ingawa mpaka leo anadai ni vumbi la vitambaa vyangu.

Wiki tatu zikatimia. Fundi saa alikuja, akaketi, na mimi nikaketi, cherehani imefunikwa. Niliweza kusikia saa yake ya mkononi. Mgeni alichungulia chini ya meza. Akatoka, akasimama, akanitazama, nami nikatazama ukuta. Kisha akavuka chumba kizima, akanusa mikono ya yule mama, akakaa miguuni pake kwa hiari yake mwenyewe. Nimeshona magauni ya maharusi, Dada, nimeshona suti za watu wanaopigiwa saluti. Sijawahi kujivunia kazi ya mikono yangu kama nilivyojivunia siku ile ambayo mikono yangu haikufanya lolote.

Walikuja kumchukua Alhamisi iliyopita. Msimamizi alinishauri kwamba walezi wengi wa muda hukaa chumba cha ndani mbwa anapoondoka, ili wasiumie na mbwa asivurugike. Nikaona ni ushauri wa busara. Nilimpa fundi saa mkeka niliomshonea Mgeni kwa mabaki ya vitambaa, nikaenda kusimama nyuma ya pazia. Nikasikia kucha zake zikienda mlangoni, zikasimama. Fundi saa akamwita taratibu. Hazikusogea. Akamwita mara ya pili. Nilikuwa nimefumba macho huko nyuma ya pazia, na hapo nikajua kwamba nilikwisha kujificha hivyo hivyo zamani. Nikatoka. Nikapiga magoti kizingitini, nikamshika shingo kwenye ukanda wangu, nikamuaga kwa jina lake, nikamwambia amefanya vizuri. Akanilamba kidevu mara moja. Kisha akageuka, akatembea katikati ya njia kando ya yule mama, mkia juu, kifua mbele, bila kuvutwa, na watu wakimpisha. Nilichora mstari wa mwisho wa chaki pale kizingitini. Bado upo, na nimemkataza kila mtu kupiga deki hapo.

Sasa nije kwenye lile lililonitoa nyuma ya pazia, ambalo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu.

Unaikumbuka asubuhi uliyonipeleka kwa mzee fundi aliyenifundisha kazi hii. Mimi nilikuwa na miaka minane, wewe kumi na saba, wazazi wetu hawapo tena, na ulikuwa umenilea peke yako kwa miaka mitatu mpaka ukafika mwisho wa uwezo wako. Tangu siku ile, miaka arobaini na mitatu sasa, kila tunapokutana unaniomba radhi kwamba uliondoka bila kuniaga. Unasema ulinikuta nimelala chini ya meza ya kukatia, ukanihurumia, hukutaka kunikatisha usingizi.

Dada, sikuwa nimelala. Nilikusikia ukiniita mara tatu. Niliviona viatu vyako vikisimama kando ya meza muda mrefu sana, kile cha kulia kikiwa kimefungwa kwa uzi. Nilifumba macho makusudi, ili uondoke na uchungu kama niliokuwa nao mimi. Na baada ya hapo, badala ya kusema ukweli, nilikuacha uniombe radhi ujana wako wote na uzee wako, kwa kosa ambalo lilikuwa langu. Nisamehe. Nimeona haya kuliandika, lakini nimelibeba vya kutosha.

Ulisema usingeweza kumlea kiumbe kisha umtoe. Uliweza. Ulinifundisha kulala bila kushtuka, kusalimia watu, kula nikashiba bila kuficha mkate mfukoni, ndipo ukanitafutia nyumba ya mtu mpole mwenye kazi ya kunifundisha. Mimi nilihesabu kwamba umenitupa. Alhamisi nimejua kwamba mtu aliyesimama vile kando ya meza hakuwa anamtupa mtu. Natumaini kwamba ulipokuwa unarudi nyumbani, pamoja na uchungu, ulijivunia walau kidogo.

Nisalimie wanao wote, na wajukuu waambie koti la bibi yao liko tayari, nimeliongeza mfuko wa ndani wa kufichia miwani. Kinyozi anakusalimu pia. Nami naiacha kalamu hapa, ila kwanza nikuage kama nilivyopaswa kukuaga siku ile, nikiwa nimetoka chini ya meza na nimesimama mbele yako, macho wazi.

Kwaheri, Dada. Asante kwa kunileta. Nitakula vizuri, sitasumbua. Nenda salama.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi.