Nimesema na Mkwe Nyuma ya Mianzi

Jumanne, mwaka wa pili wa vita

Nimesema. Kweli nimesema.

Tangu wamchukue baba yake kuwabebea Wajerumani mizigo, Tusekile wangu hafungui mdomo darasani. Mwalimu mkuu akatoa neno: asiyejibu akalime kwao. Mama Sekela, anayewafundisha wasichana kushona, akaniambia, "Mama Tusekile, huyu si mkaidi, ana hofu. Nipewe mwezi mmoja akae nami tu, nisimuulize kitu." Ila ruhusa ni ya mwalimu mkuu.

Na mwalimu mkuu ni baba mkwe wangu! Kwa mila yetu sitakiwi kumtazama wala kusema naye. Nikisikia kikohozi chake tu, najitupa migombani. Sasa nani angeniombea?

Basi leo nikaenda, nikasimama nje ya ukuta wa mianzi wa shule, nikaiambia mianzi: "Mtoto asifukuzwe. Asipigwe. Akae na Mama Sekela mwezi mmoja."

Ndani kikasikika kile kikohozi cha mkwe. Akasema, kama anaongea na wanafunzi, "Leo ukuta huu una maneno mengi! Haya, abaki mwezi mmoja."

"Ndaga, ndaga," nikashukuru, nikakimbia nimejifunika uso.

Mama mkwe akisikia, atasema sina adabu. Na aseme. Mwezi ni mfupi, na baba yake Tusekile sijui kama yuko hai...

Mwezi ukiisha na mtoto bado hasemi, nitasimama pale tena, hata mvua inyeshe.