Damu ya Kumpa Moyo Shangazi

Dada Zuhura,

Hamjambo huko Lamu? Hapa Mishomoroni joto linakaba roho, hata mahamri ya asubuhi hayanishuki.

Shangazi haoni tena tundu la sindano. Alipopelekwa kupimwa damu alikataa kuchomwa peke yake, basi nami nikanyoosha mkono kumpa moyo. Majibu yametoka: yake safi, kinachomla macho hakijulikani. Yangu yana kingamwili, zile kinga za damu, zinazoweza kugeuka zikalishambulia jicho. Daktari hakushtuka. "Wazima wengi wanazo, mwanangu. Macho yako nimeyatazama, hayana kitu. Usingepimwa, usingejua."

Wallahi, heri nisingejua. Sasa kila nikimtungia shangazi uzi ashone kofia zake kwa kupapasa, nafumba jicho moja, kisha la pili, najipima. Leo uzi umenipiga chenga mara mbili. Shangazi alikuwa amenyoosha kiganja akingoja sindano, akauliza polepole, "Mbona leo umekawia?"

Mama asisomewe kadi hii. Wanao nibusie macho yao, kila mmoja yote mawili.

Mdogo wako,
Saumu