Mugeni Hajakula Bado

Tata,

Sahani yako, baba yangu, ile ya bati yenye maua nyekundu, leo nilimupa muzungu. Mama alinitazama sana. Hapana kasirika, nisikilize kwanza.

Tangu baasi ba mu pori balikuua kwa shamba yako ya kakao kule Ruwenzori, siye tulikimbia, tuko hapa Butembo kwa nyumba ya mujomba. Mama anauzisha samaki ya ziwa, ya Kyavinyonge. Mie natafsiria bageni. Ile Kiingereza ulinisomesha kwa jasho ya kakao ndiyo inatulisha. Majirani betu ba Ruwenzori banalala nyuma ya kanisa, banakula unga ya musaada. Asubuhi ndiyo saa nakulilia zaidi, sababu hakuna mutu wa kukohoa kwa mulango na kuuliza nani amekunywa chai yake.

Sasa sikia. Inchi moja kubwa ya mbali imeingia mu mambo yetu. Ilikalisha bakubwa ba hapa na ba inchi jirani kwa meza moja, bakatia sahihi, bakapeana mukono mbele ya camera. Vizuri. Lakini bale balikuua hawakuwa kwa ile meza, Tata. Bako mu pori, na sidhani kama banasoma magazeti.

Sasa wiki hii mujumbe wa ile inchi akafika Butembo. Alitaka kujua neno moja: batu ba Ruwenzori banakubali kurudi kwa mashamba? Kama ni ndiyo, ataandika kwao kwamba amani imefika, na ile unga itasimama. Batu barudi kulima. Mama aliposikia, alikaa chini na samaki yake mu mikono.

Kwa mukutano balikuya bazee na bamama, chumba ikajaa. Mie katikati, natafsiri. Mujumbe akaeleza mambo yake polepole, vizuri. Na batu betu bakasema nini? "Wasingya. Aksanti sana. Mungu akubariki." Mumoja, wa pili, bote. Akauliza kama banakubali. Bakapiga mikono. Yee, Tata! Unatujua: mugeni hapana kumupinga kama hajakula. Na yeye hakula kitu, balinzi bake banamukataza chakula ya batu. Alikunywa maji yake ya chupa. Anatabasamu, anaandika. Nikaona vile tutarudishwa kufa kwa sababu ya adabu yetu.

Hapo nikakusikia. Unakumbuka siku jirani alikuya na hasira juu ya mupaka wa shamba, ukakataa kufungua maneno mpaka Mama alete bugali? Ulisema: "Akiisha kula, ni mutu wa nyumba. Mutu wa nyumba tunamuambia ukweli."

Basi nikasimama. Nikamuambia mujumbe, na safari hii maneno ilikuwa yangu mwenyewe: bado hujasikia kitu. Hapa aksanti ya mbele ya chakula ni kufungua mulango tu. Kama unataka jibu, kuya kula kwetu. Mukubwa wa balinzi akanikunjia uso. Mujumbe akafunga kitabu yake, akasema twende.

Samaki, sombe ya majani ya muhogo, bugali, na sahani yako. Alikula kwa mikono, Tata, vibaya sana, muchuzi mpaka kwa cravate ya shingo. Koko Kahindo, ule muzee jirani yako wa mupaka wa kakao, alicheka mpaka akapangusa macho. Kisha akaacha kucheka. Akamuambia: "Mwanangu, ulikalisha bale bako na ofisi. Bale bako na panga, uliwaacha. Nimezika batoto bangu kule. Sirudi, na hapana andika kama nimekubali." Kisha bengine bakafungua vinywa, hata bale balipiga mikono.

Na yeye akatuambia ukweli, sababu alikuwa amekula. Akiandika kuzuri, unga inasimama. Akiandika kubaya, bakubwa bake, bako na vita ingine mingi ya kuzima, batasema mapatano imekufa, batajitoa, na bunduki zitarudi kwa nguvu. Nilimuhurumia kidogo. Kidogo tu! Nikamuambia aandike maneno ya Koko vile ilitoka, na sitaondoka pale mpaka amalize. Akaandika. Akasoma, nikatafsiri, na safari hii hakuna mutu alipiga mikono. Koko aliinamisha kichwa tu: ndiyo, ni hivyo.

Kama huko kwao batasoma, sijui. Alisema atarudi. Akirudi nitamulisha tena, na ule mwenye kumufuata nitamulisha pia, hata Mama akasirike juu ya samaki yake.

Sahani nimeiosha, nimeirudisha pale juu, pahali yako.

Lala salama, Tata wangu. Shamba yako ya kakao inamea majani ya pori, najua, na inaniuma. Nitaenda kuyafyeka mwenyewe. Lakini nitaenda siku mie Masika, mutoto wako, nitasema ndiyo, na nitaisema nikiisha kula.