Udongo Mweusi wa Kambini

Ruhembe, 12 Septemba 1993
Mwaka mmoja na miezi minne tangu nipande treni

Mke wangu Mama Zawadi,

Habari za huko Kasulu? Kikohozi cha mtoto kimepoa? Mimi mzima, ila mgongo. Kukata miwa kunamzeesha mtu.

Uliniuliza habari ya shamba, ili mhamie huku. Jumapili iliyopita nilikwenda Kimamba. Siku hizi udongo unauzwa kama kitambaa. Ule mweupe wenye chumvi ni kama bure. Wa kichanga una bei kidogo. Mweusi wanaugombea matajiri wa Morogoro.

Mzee Ramadhani, mwenyeji wa pale, akanionyesha shamba lake jeusi. Nikaufinya udongo, ukashikana kama ugali. Lakini bei yake ilikuwa chini ya kichanga. Nikamwambia, mzee, kuna jambo unanificha.

Hakuficha. Zamani palikuwa kambi ya wakata mkonge, na waliokufa walizikwa papo hapo. Nikatazama nyasi. Kipande kimekoza kijani, urefu wa mtu aliyelala, halafu nyasi za kawaida, halafu kipande kingine, mpaka mwisho wa shamba. Wenyeji hawathubutu kulima.

"Wangekuwa wa kwetu ningewaomba ruhusa kwa majina yao," akasema. "Hawa waliletwa na treni, wengine kutoka kwenu Kigoma. Niwaiteje? Jaribu wewe, labda mtaelewana."

Nikacheka, nikasalimia kwa Kiha. Upepo ulikuwa ukinipiga usoni, na uliendelea kunipiga, lakini nyasi zote zikatulia. Mzee akavua kofia.

"Sisi tukisema," akaninong'oneza, "hazinyamazi."

Mke wangu, sikuogopa, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Nilijisikia kama mgeni aliyekwisha kuwekewa kiti. Mzee akapunguza bei tena, wala sikumwomba.

Sinunui. Utamu wa udongo ule ni watu kama mimi, waliosema wanafanya msimu mmoja tu kisha warudi kwao. Tutalima huo wetu uliochoka. Waliomo tunawajua majina.

Mpe mama shikamoo yangu. Msalimie kaka fundi baiskeli, na jirani anayekusomea barua hii.

Sisubiri msimu uishe. Nikilipwa mwisho wa mwezi huu, napanda treni Kilosa.

Mumeo,
Baba Zawadi