Kiti cha Mama Kimehamia Ng'ambo

Palmarito, tarehe 9 Oktoba

Dada yangu mpendwa Nereida,

Nina heshima kubwa kukutangazia rasmi kwamba tangu Jumatatu hii, saa mbili kamili asubuhi, kiti cha kubembea cha marehemu mama yetu hakimo tena katika nchi hii. Bendera haikushushwa wala wimbo wa taifa haukupigwa, lakini mihuri ilikuwa miwili.

Baada ya tangazo hilo, salamu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limepona tangu uteleze kwenye ngazi za yule bibi unayemtunza huko Madrid. Mimi sijambo. Sukari imeshuka, paa la jikoni halivuji ila mvua ikinyesha, na kuku wa jirani bado anakuja kutaga kwetu, nami bado najifanya sijui. Najua tuna simu na kila Jumapili tunaongea, lakini simu hainisubiri nikifikiri. Karatasi inasubiri.

Habari kubwa ni kwamba serikali imekubali. Unakumbuka kiwanda chetu cha mirija ya dripu kiliomba kuwa eneo huru la biashara ya nje, ili malighafi iingie bila ushuru na mirija itoke bila ushuru kwenda hospitali za watu wengine. Miaka mitatu tumengoja. Wenye kiwanda walishasema wazi kwamba karatasi isipotoka watang'oa mashine wazipeleke nchi nyingine, na sisi watu mia mbili na kumi na nne tukawa tunalala jicho moja. Ilipotoka, mkurugenzi wetu, Bwana Taveras, alipanda juu ya kreti ya soda akaanza kuisoma. Alipofika kwenye "kwa mujibu wa" ya sita, wanawake wa kufungasha wakampigia kelele aruke mpaka mwisho: tunabaki au tunaondoka? Akasema tunabaki. Ikawa vurugu tupu. Padri akazinyunyizia mashine maji ya baraka, Chefa muuza kahawa akalia mpaka kahawa ikamwagika, sancocho, ule mchuzi mzito wa nyama na mihogo, ikapikwa kwenye sufuria za kukopa kanisani. Mimi nililetewa sahani yangu, nikala nimesimama, maana geti halina sikukuu.

Sasa kuhusu sheria yenyewe. Nimeisoma yote, ilivyobandikwa ubaoni, kwa sababu mlinzi ana muda. Inasema kilichomo ndani ya uzio, kwa upande wa ushuru, kinahesabiwa kuwa kiko nje ya nchi. Ardhi ni ile ile na tope ni lile lile, lakini ukivuka geti langu umeshatoka katika Jamhuri. Wenzangu walipoelewa hivyo wakanibatiza Balozi. Asubuhi wananiinulia vibakuli vyao: "Balozi, naomba viza ya wali na maharage!" Mmoja, ambaye ubalozi wa kweli umemnyima viza mara nne, alipiga magoti pale getini akamshukuru Mungu kwamba hatimaye amefika ng'ambo, akaongeza kwamba ajabu yake, ng'ambo nako kuna joto vile vile. Nacheka nao. Saa kumi wanatoka wote, nafunga geti, na Balozi anakwenda nyumbani kuzungumza na kuku.

Lazima nikueleze kiti kilifikaje huko, maana wewe unajua kiko sebuleni. Zile siku tisa za kumwombea mama zilipokwisha, majirani walibeba kila mtu kiti chake wakaondoka, nikabaki na cha kwake. Dirisha la sebule, unalijua, halifungi sawasawa. Upepo ukiingia, kiti kilikuwa kinabembea chenyewe, na mama ndiye aliyetufundisha kwamba kiti kitupu kikibembea kinaita msiba. Nikakizuia kwa tofali. Ikawa kila jioni nakula nikitazamana na tofali. Mwezi wa pili baada ya msiba nikakitia kichwani mpaka kazini, nikawa nakikalia pale getini. Watu wakipita wananitania: "Mzee Eligio, umestaafu bila kutuaga?" Asubuhi mia mbili na kumi na tatu, jioni mia mbili na kumi na tatu. Nyumbani hapiti hata mmoja.

Kabla eneo halijafunguliwa, forodha ilimleta Bwana Liriano, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aje kuhesabu kila kilichomo. Alihesabu mashine, feni, ndoo, hata sanamu ya Bikira Maria ya kantini, akibandika stika. Tangazo likasema mwenye kitu chake binafsi akitoe kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Kitakachobaki kitakuwa ndani ya eneo, na siku ya kutoka kitatoka kama bidhaa inayoingizwa nchini. Watu wakatoa redio zao na ndara zao, Chefa akatoa birika lake akilikumbatia kama mtoto. Kiti kikabaki. Kiti alichokichonga babu kwa mikono yake, kilomita nne kutoka hapa! Ili kirudi nyumbani, sasa lazima kiingizwe kutoka nje. Kwa hiyo familia yetu ina wahamiaji wawili, na wote wanasumbuliwa na karatasi.

Juzi Jumanne binamu yetu Fello alikuja na pikapu kukichukua, kama ulivyomwagiza, akipakie kwenye kontena la Novemba kukuletea. Nikamwonyesha stika. Akaitukana forodha, akaitukana serikali, kisha akanigeukia: "Wewe Eligio, miaka kumi na tisa unalinda geti, umeshindwa kulinda kiti?" Niliinamisha kichwa. Akaondoka akiamini kwamba ni bahati mbaya.

Dada, haikuwa bahati mbaya. Ijumaa ile nilikuwa nimekikalia tangu asubuhi. Bwana Liriano alinijia mara mbili akaniambia niinuke, saa sita inakaribia, na kama ni kizito atanisaidia kukibeba. Nikamwambia si changu. Akauliza ni cha nani. Nikamtajia jina lako lote, pamoja na lile la ubatizo ambalo hulipendi, naye akaandika: mwenye mali yuko ng'ambo. Akasema basi itabidi mwenye mali aje kutia saini mbele yake. Nikasema ndiyo, itabidi.

Ulipokiomba, nilielewa. Mtu anayefikiria kurudi haagizi kiti. Miaka kumi na moja umeniambia Krismasi ijayo, nami nimekuitikia. Mama alipofariki karatasi zako zilikuzuia, na Mungu anajua sikukulaumu. Lakini nikajiuliza, kiti kikishaondoka, huku utakuwa umebakiwa na nini cha kufuata? Mimi natosha kwenye simu.

Basi kiko pale, nyuma ya kibanda changu, kinakungoja. Nakifuta vumbi kila asubuhi. Sikikalii tena, kwa kuwa ni bidhaa ya forodha. Mimi naketi juu ya ndoo. Tofali nimelibeba kutoka nyumbani nikaliweka chini yake, lile lile, upepo usije ukakichezea.

Ukikasirika, kasirika, una haki. Ila kasirika ukiwa hapa, nitakukaangia jibini na kukupondea mangú ya ndizi kama ya mama, ingawa yangu ina mabonge.

Chefa anakusalimu sana. Fello atakusalimu akishapoa. Mpe bibi wa Madrid pole zangu kwa zile ngazi. Mama hayupo tena wa kutubariki, basi mimi nakubariki, nawe nibariki.

Mdogo wako,
Eligio

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nilimuuliza Bwana Liriano, kwa uhakika tu. Si lazima uje. Barua yenye saini yako na nakala ya kitambulisho vinatosha.