Linux Haijui Imprimante Yetu

Jumatatu, 7 Julai 2003

Virusi vilikula Windows, na CD yake iliporwa Mei pamoja na viti vyote vya sekretaria, kiduka changu cha kuchapia watu barua. Kompyuta yenyewe ilipona — niliifukia chini ya mihogo! Leo shemeji Floribert ameiwekea Linux, kwa CD alizoachiwa na padri mmoja. Ya bure, anasema. Ya bure nayo ina mambo yake. Ikiamka inataja viungo vyake kama mgonjwa mbele ya daktari: sauti, hakuna. Modemu, hakuna. Imprimante ya kuchapia, haijulikani. Floribert anatabasamu kama mzazi ambaye mwanawe amefaulu mtihani. Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Sikuwa nimecheka tangu mume wangu Honoré ateremke Kasenyi kununua samaki, vita vikaingia mjini nyuma yake.

Jumanne, 8 Julai

Amekuja Papa Xavier, baba mkubwa wa Honoré. Direkta wa shule mstaafu. Humsalimu kila mtu kana kwamba amechelewa darasani. Ukoo umekaa: Honoré harudi tena, matanga yafanyike. Anataka tangazo la kifo lenye picha, la kubandika parokiani. Nikasema, si uandike kwa mkono?

— Hatuwezi tangaza mutoto ya kwetu na Bic!

Sekretaria nyingine zote ziliporwa. Kwa hiyo ni mimi wa kuchapa kwamba mume wangu amekufa. Nikajibu: imprimante haijulikani, Papa. Asante, Linux!

Alhamisi, 10 Julai

Floribert anachomoa, anachomeka, anaiombea imprimante kwa Kifaransa. Akatoka kutafuta mafuta ya groupe kabla jenereta haijazimika. Nami nikabonyeza pale alipokuwa akibonyeza, kwa mchezo tu — karatasi ikatoka! Yule ndege wa Linux, mweusi mwenye tumbo jeupe, safi kabisa.

Niliogopa kuliko siku ya mabomu. Honoré hajafa. Sijui kama hajafa, lakini sichapi! Nikachomoa kamba ya imprimante, nikaizika ndani ya mfuko mpya wa unga wa muhogo. Karatasi ya ndege nikawashia makaa.

Floribert aliporudi akaniita dada: "Ya Gode, kamba iko wapi?" Labda panya, nikasema. Siku hizi Bunia wanakula hata plastiki, njaa ni ya wote. Aliniangalia kidogo, akaenda kunawa mikono.

Jumapili, 13 Julai

Wametoka misa wakaja moja kwa moja. Papa Xavier, na mama mkwe, Mama Véronique. Naandika hapa mezani, wanadhani ni kazi. Xavier ananiuliza:

— Mama Caleb, hii mashini yako iko bado kichwa nguvu?

Floribert amenitangulia kujibu: "Papa, Linux haijue hii imprimante. Hata kidogo." Hakutaja kamba. Hakutaja panya. Mwongo mzuri, Mungu ambariki!

Xavier amevuta kiti. Ataingoja mpaka ijue, anasema. Na mpaka apate chakula. Mama Véronique amesimama: atasonga fufu ya muhogo yeye mwenyewe. Ee Mungu. Jikoni mfuko ni mmoja tu! Nimetaka kuinuka, naendelea kuandika. Nasikia sufuria. Nasikia mfuko ukifunguliwa. Sasa sisikii kitu.

Ametoka. Anamwambia Xavier, bila kuniangalia:

— Unga iliisha. Muende mukule kwenu, Papa Xavier.

Unga uko mpaka kwenye viwiko vyake.